Pombe ya Kumpa Mtoto Jina

Ijumaa, asubuhi. Mawingu yamekaa juu ya lile jiwe la Tororo, ng'ambo ya Uganda, kama ng'ombe aliyeshiba. Hayanyeshi, hayaondoki. Na mimi uji wangu umepoa kikombeni, sijaugusa.

Si shibe. Ni woga.

Mzee wa umri wangu hafai kuandika neno hilo mahali wakwe wanaweza kulisoma. Lakini ukurasa huu binti yangu alinifungulia kwenye simu akaniambia, "Baba, andika yaliyo moyoni, usiandike matusi." Matusi nimejitahidi kuyapunguza. Ya moyoni ndiyo haya, nayachapa kwa kidole kimoja, nimekaa juu ya debe mlangoni mwa jikoni.

Nyuma yangu, kwenye kona, kuna mtungi umefunikwa. Ndani yake kuna ajono, pombe yetu ya wimbi sisi Wateso. Nimeipika mimi. Mimi mwenyewe, Emase, mwanamume mwenye mvi mpaka za masikioni. Na kesho, kwa pombe hiyo, mjukuu wangu atapewa jina.

Kama imeharibika tena, sijui nitauweka wapi uso huu.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya watu wasiotujua na kwa ajili ya watoto wetu walioko Uarabuni wanaojifanya wamesahau. Kwetu mtoto hapati jina lake kwa kuandikwa kliniki tu. Bibi wa ukoo anachovya kidole kwenye pombe, anakitia mdomoni mwa mtoto, halafu anamtaja mtu wetu aliyetangulia. Mtoto akinyonya, jina amelikubali. Akigeuza uso au akitema, amelikataa, na bibi anataja lingine. Hakuna rufaa, hakuna wakili, hakuna kumpa mtu chai chini ya meza.

Mtoto ni msichana. Mimi nataka aitwe Amoit.

Amoit ni mke wangu. Alitutoka mwaka juzi.

Sasa, mtoto akilikataa jina la Amoit, linalofuata kwenye foleni ni la marehemu shangazi yangu Akware, mwanamke aliyewahi kumfukuza karani wa sensa kwa mchi hadi barabarani. Mungu amlaze mahali pema, mbali kidogo na wengine. Sitaki kumbeba mtoto mwenye jina hilo mapajani. Sitalala.

Lakini hilo ni la mzaha. La kweli ni kwamba tangu Amoit azikwe, hapa nyumbani jina lake halijaitwa kwa sauti ya kumwita mtu aje. Linatajwa tu. Kutajwa na kuitwa ni vitu viwili.

Nakubali jambo moja kabla sijaendelea. Katika ndoa yetu yote, mimi nilijua pombe kwa upande wa mrija tu. Wimbi liliingia jikoni, Amoit akafanya alichofanya, na mimi nikaitwa mtungi ukiwa tayari, mrija wangu mrefu umeoshwa na kuegemezwa ukutani. Nilikuwa hodari sana wa kusema "leo imekuwa kali kidogo" au "leo imepoa." Yeye alikuwa ananiangalia tu. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningemmwagia huyo mume.

Pombe ya jina hupikwa nyumbani mwa mtoto, na wanaoipika ni wanawake. Basi niwahesabie wanawake wangu. Mabinti wako mbali, kila mmoja na kazi yake. Nekesa, mke wa mwanangu Joseph, ananyonyesha, tena yeye ni Mluhya wa Bukhayo. Kwao wanapika busaa ya mahindi, na ajono ameijua juzi tu. Jirani yetu aliyekuwa anapikia kijiji kizima ameokoka, akiona mtungi anavuka barabara. Anabaki mama yangu, ndiye bibi wa ukoo.

Mama yangu bado yupo, ndiyo. Msishangae. Tunamwita Toto, maana Toto ndilo neno la mama kwa Kiteso. Mtu wa pwani akimsikia mzee mzima anaita "Toto! Toto!" atadhani nimepotelewa na mtoto. Na kwa uzito wake wa siku hizi hatakuwa amekosea sana. Magoti yamemkataa, mikono inatetemeka, hawezi kuinua hata sufuria ya chai. Mdomo tu ndio haujazeeka.

"Utapika wewe," akaniambia.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

*

Mara ya kwanza iliniendea vizuri mno, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Unga wa wimbi niliukanda kwa maji, nikaufunika ukachacha hadi ukanuka vile unavyotakiwa kunuka. Nikaukaanga juu ya bati pana, moto chini, nikikoroga kwa mwiko mrefu, moshi unanitoa machozi ambayo hata msibani sikuyatoa. Ukawa chengachenga za kahawia, zinanukia hadi mbwa akaja kukaa karibu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzianika zikauke kabisa, kuzitia mtungini na maji na kimea, yaani wimbi lililoota likakaushwa na kusagwa, halafu kungoja.

Kuanika. Hapo ndipo akili yangu ilijitokeza.

Mimi ujana wangu nilikuwa taniboi, yaani utingo wa malori. Nimelala juu ya mizigo kutoka Mombasa hadi hapa Malaba miaka ambayo wengine walikuwa darasani, na ndiyo maana darasa la sita ndilo lililonishinda. Kama kuna kitu taniboi anajua, ni lami. Lami inashika joto. Lami inakausha shati lililofuliwa kabla dereva hajamaliza chai. Na barabara kuu inapita mbele ya boma langu. Majirani wote wanaanika mahindi pale kandokando. Basi nikatandika magunia ukingoni mwa lami, nikamwaga chenga zangu, nikazitandaza kwa kiganja, nikakaa hapo na kofia yangu kama meneja.

Foleni ya malori ya kuingia Uganda siku hiyo ilikuwa imefika kwetu. Lori linasogea hatua chache, linasimama. Linasogea, linasimama. Na kila likisogea linapumua, na linapumua kwa chini, upande wa ukingoni. Mimi nilikuwa napiga soga na madereva. Ule moshi sikuuona wala kuusikia. Miaka yote ile niliuvuta nikidhani ndio hewa.

Mahindi yana ngozi. Chenga za wimbi lililokaangwa hazina ngozi, ni kama sifongo.

Mtungi ulipokuwa tayari niliwaita wazee wenzangu waonje kabla ya wageni. Alikuwapo Etyang, rafiki yangu tangu utotoni na adui yangu kila baada ya mtungi. Wakaketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake. Wakavuta.

Kila mmoja akauachia mrija wake.

Mzee anayevuta pombe nzuri hunyamaza, najua. Lakini kuna kunyamaza kwingine, kwa mtu anayetafuta mahali pa kutema.

"Mzee Emase," Etyang akasema polepole, "hii imetoka Mombasa lini?"

"Tafadhali," mwingine akasema, "mwenye kiberiti asogee mbali."

"Sasa mimi nikifika nyumbani mke wangu akininusa, nitamwambia nilikuwa kwa mtungi ama chini ya lori?"

Wakacheka hadi Etyang akashikilia mbavu. Nami nikacheka, maana mtu akichekwa na asipocheka, kicheko kinakuwa cha mazishi. Halafu Etyang akanipiga begani akasema lile neno ambalo bado linaniwasha. "Si uolewe tu kabisa, tujue moja."

Wakaenda zao kilabuni Malaba mjini kuosha midomo.

Nilibaki nimeukodolea macho mtungi wa Amoit. Ule mtungi haujawahi kuachwa umejaa. Nikasema moyoni, basi, mimi si wa kazi hii. Nitamwambia Joseph mtoto aitwe jina la kliniki, yaishe.

"Niletee mrija," Toto akasema kutoka kwenye kiti chake barazani.

"Toto, usionje. Ni mbaya."

"Nimekuomba mrija, sijakuomba habari."

Nikamletea. Nikamsogezea mtungi. Akavuta. Akafumba macho, akavuta tena, mavuto marefu ya mtu mwenye kiu, na uso haukubadilika hata kidogo. Mimi nilikuwa tayari kumshika akianguka.

"Nimekunywa mbaya zaidi," akasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

Ndipo nikasikia habari ambayo nilikuwa sijaisikia tangu nizaliwe. Alipoolewa hapa, msichana tu, mtungi wake wa kwanza aliutia kimea kingali cha moto. Ukafa. Ukawa maji ya kuoshea miguu. Mama mkwe wake, yaani nyanya yangu, akamwamrisha akaumwage nje, wageni wakitazama, na hata kuku hawakuusogelea. Akaenda akalia ghalani. Kulipokucha akaloweka wimbi lingine.

"Ulipata wapi moyo, Toto?"

"Moyo gani? Wimbi lilikuwapo." Akaurudisha mrija mkononi mwangu. "Na lako je? Lipo au limeisha?"

"Lipo. Gunia la chini."

"Basi unangoja nini hapa, kijana? Nikubebe mgongoni?"

Kijana. Mtu mwenye wajukuu.

*

Sitasema nilinyanyuka kishujaa. Niliondoka pale nikinung'unika kama jenereta. Kesho yake Etyang akanifuata na wazo lake. Ng'ambo, hatua chache baada ya mpaka, kuna mama anapika ajono ambayo hata paroko anaisifu bila kuinywa. "Unanunua, unamwaga kwenye mtungi wako, unafunika. Nani atajua? Mtoto ana meno ya kusema?"

Ninakiri wazo lilinikaa. Nililala nalo. Lilikuwa wazo zuri sana, lenye miguu yote minne.

Nikamwonjesha Toto kwa kuzungukazunguka, kwamba ati kuna watu wanasema kwamba ati huko ng'ambo. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na jina la mke wako, nalo unaliagiza huko huko?"

Nikaenda kukanda unga.

Safari hii nilikuwa na msimamizi. Toto aliniambia nimwekee kiti mlangoni mwa jikoni, na kutoka pale aliniongoza kwa fimbo kama mtu anayeegesha lori. Punguza moto. Koroga upande huo. Usisimame na bati kama umeitwa kwa picha. Nikiuliza swali mara ya pili ananijibu, nikiuliza mara ya tatu ananitazama. Nilipounguza upande mmoja nikataka kutupa yote, akasema chenga nyeusi nizitoe kwa mkono, moja moja. Nikazitoa. Nilikaa pale nikichambua kama mwali, huku boda boda wakipita barabarani wakinipigia honi. Kijiji kizima kilishapata habari.

Jumatatu tukaanika. Si barabarani. Nyuma ya nyumba, juu ya turubai safi, na Toto kwenye kiti chake na fimbo ya kufukuzia kuku. Mimi nikaenda Amagoro kukodi viti vya wageni.

Nilikuwa bado nabishana na mwenye viti nilipogeuka nikaona jiwe la Tororo halipo. Limemezwa. Upande ule wote ulikuwa mweusi kama sufuria ya hotelini, na upepo umeanza kubeba karatasi sokoni. Nikarukia pikipiki ya kwanza.

"Kimbiza!"

"Mzee, uko na mgonjwa?" kijana akauliza.

"Niko na wimbi!"

Alinitazama kwa huruma, akanikimbiza hivyo hivyo. Mvua ilitupiga kabla ya kufika. Matone makubwa, yale yanayouma. Nilikuwa nalia ndani ya kofia, si kwa kilio cha heshima, ni ile unasema "aa, aa, aa" bila kujua. Nilikuwa nimeshaona wimbi langu lote limekuwa uji, wakwe wamefika, Etyang yuko katikati amesimama anahutubia.

Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Kiti kilikuwa kitupu, kimeanguka.

Toto alikuwa chini. Alikuwa ametambaa, sijui vipi, kwa magoti yale yale, akalikunja turubai likafunika wimbi lote. Na kwa sababu upepo ulikuwa unalifunua, alikuwa ameketi juu yake. Ameketi tu, mgongo wima, kitambaa cha kichwa kimechukuliwa na upepo, mvua inamteremka usoni, ameshikilia ncha za turubai kwa mikono miwili inayotetemeka.

Nilimbeba. Ni mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Nikaanza kumfokea nikiwa bado nimembeba, mambo ambayo mtu hamwambii mamaye: una wazimu, unataka kuniua, pombe ni nini, acha mtoto aitwe hata Jumatatu.

"Kwanza kaangalie kama limelowa," akasema.

Nilimweka kitandani, nikambadilisha nguo, nikamfunika kila blanketi lililomo nyumbani. Ndipo nikaenda kuangalia.

Lilikuwa kavu.

*

Sasa mnaelewa kwa nini naogopa. Tangu Jumanne anakohoa. Zahanati walimpima, wakasema kifua hakijaingiwa na nimonia, apate joto na vitu vya moto. Lakini mimi usiku nausikiliza ukuta. Akikohoa naogopa. Asipokohoa naogopa zaidi.

Na mtungi nao.

Toto amenikataza kuufungua. Ati mtungi unaoumuka ni kama mama anayejifungua, wanaume wakae nje. Tangu alfajiri nimeingia jikoni mara nyingi kutafuta vitu ambavyo sijapoteza. Nimetega sikio kwenye tumbo la mtungi. Ndani kuna sauti ndogo, kama akina mama wanaoteta kanisani. Ningefurahi, ila hata ule wa dizeli uliteta vizuri hivyo hivyo.

Nimenusa kifuniko. Nikanusa vidole vyangu. Nikaenda nikanusa shati langu, maana nimeanza kushuku pua.

Nimemwambia na Amoit kwa sauti ya chini, wewe mwanamke, miaka yote ile ungeniita mara moja tu, uniambie Emase njoo uone hapa. Halafu nikakumbuka aliniita. Nilikuwa nasikiliza mpira kwenye redio.

*

Mchana. Joseph na Nekesa wamefika na mtoto. Kesho watakuja watu wa Bukhayo, wakiongozwa na mama yake Nekesa, mama wa kanisa, ambaye huja na kuku mkono mmoja na macho mkono mwingine. Anaona vumbi juu ya mlango. Mwaka ule wa mahari aliniambia, "Baba Joseph, boma lenu ni zuri, lina nafasi ya kuboreshwa." Huyo ndiye atakayekaa mstari wa mbele.

Nimepewa mtoto nimshike. Ana uso wa mtu aliyesumbuliwa. Wenyewe walipokwenda kupakua mizigo, nilifanya jambo la kipumbavu. Nilichovya kidole kwenye maji ya kunywa nikamtia mdomoni, nione tabia yake. Akanyonya! Kwa nguvu! Nikafurahi sana. Kisha akanyonya kifungo cha shati langu kwa nguvu ile ile, na kona ya leso ya mama yake, na pua yangu aliijaribu. Nikaona huyu si jaji wa maana, huyu anakubali kila kitu. Moyo ukatulia.

Dakika kidogo Nekesa akaja na dawa ya tumbo ya mtoto, tamu, ya rangi ya waridi. Mtoto akaionja. Akakunja uso wote kama anayesoma barua ya benki. Akatema, ikanifika kwenye kola.

Basi anajua kutema.

"Baba, mbona umekonda hivi?" Nekesa akauliza. "Unaumwa?"

"Ni wimbi," nikamwambia.

Akatazama jikoni, akatazama mikono yangu iliyoungua. Msichana mzuri. Akaenda akachukua ufagio akafagia jikoni yote, akauzunguka mtungi bila kuugusa, kama mtu anayempita mzee aliyelala.

*

Jioni, jua bado liko. Naandika haraka maana nimeambiwa nikaoge.

Toto aliamka akaomba apelekwe jikoni. Amefungwa shuka mbili, kofia ya sufu ya Joseph imemfunika hadi nyusi, anafanana na mlinzi wa lango. Tukamkalisha kwenye kiti chake. "Fungua," akaniambia.

Nilifuta mikono kwenye suruali mara mbili. Nilifungua. Juu kulikuwa na povu la kahawia limepasukapasuka katikati, na harufu ikatoka. Sitaielezea. Joseph, ambaye alizaliwa akakulia kwenye nyumba hii, ndani ya harufu hiyo ya mamaye, aligeuza uso akaenda kusimama nje kidogo.

Nikachota nikatia kwenye mtungi mdogo, nikaongeza maji ya moto vile nilivyoonyeshwa, si mengi. Nikampa Toto mrija.

Akavuta.

Nikangoja atoe mdomo aseme. Hakutoa. Nikangoja. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, naye anangoja. Kuku walikuwa wanagombana huko nje na mimi nikatamani niwanyonge wote.

"Toto, vipi?"

Akainua mkono mmoja: subiri. Akaendelea kuvuta. Mashavu yanaingia, yanatoka. Akapumzika kwa pua, bila kuuachia mrija. Akaendelea.

"Toto, sema hata neno. Nitakufa."

Akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Wakati huo nikaanza kuwa na hofu mpya kabisa, ambayo kwenye orodha ya hofu zangu haikuwamo: kwamba kesho haitabaki.

Nikachukua mrija wangu ukutani. Sikuwa nimeugusa tangu siku ile ya kicheko. Nikauchomeka, nikavuta.

Si ya Amoit. Niseme ukweli. Ya Amoit ilikuwa na utamu fulani mwishoni, nyuma ya ulimi, ambao sijui aliutoa wapi na sasa hakuna wa kumuuliza. Hii yangu ina uchachu zaidi, na kwa mbali kuna ladha ya kuungua, zile chenga nyeusi chache zilizonipita. Lakini ni ajono. Ina joto lake. Inashuka inakaa. Haina lori hata moja.

Toto hatimaye akautoa mrija. Akafuta mdomo kwa ncha ya shuka. Akakohoa mara moja, nami nikaruka, akaniashiria niketi.

"Funika," akasema. "Hiyo ni ya mtoto."

Basi. Hilo tu. Hakuna pongezi, hakuna mkono kichwani. Aliomba arudishwe kitandani, na nilipombeba akanishika sikio, akalivuta kidogo, kama zamani nikitoka shuleni na habari mbaya.

Sasa yuko ndani amelala, kidole chake cha kesho kiko nje ya blanketi. Nimemfunika mara mbili, anakitoa.

Hofu haijaondoka. Kesho mama wa Bukhayo atakuwa mstari wa mbele, Etyang atakuwa na mzaha wake ameunoa wiki nzima, mkono wa Toto utatetemeka, na mtoto ambaye hajui Amoit ni nani atafungua mdomo au atageuza uso. Mimi nitasimama pale pale watu wanaponiona, sitajificha nyuma ya viti nilivyokodi. Mtoto ana haki yake ya kukataa.

Lakini akitema, atakuwa ametema pombe nzuri.